Karatasi za Bibi Arusi

Ndoa ya kwetu hufungwa kwa maneno. Walii hutamka, bwana arusi hukubali, mashahidi husikia, na waliohudhuria hula biriani yao wakaenda zao wakiwa wameijua ndoa hiyo maisha yao yote. Ukiuliza Kibokoni, Mombasa, au Langoni, Lamu, fulani ni mke wa nani na ni mtoto wa nani, hutaambiwa ulete cheti. Utajibiwa mpaka babu wa nne. Visa ya Marekani haiendi hivyo. Karani wa ubalozi hamjui bibi yenu wala hakula biriani ile. Anajua kilichoandikwa tu.

Ndiyo maana wapo miongoni mwa jamaa zetu waliokaa mbalimbali, mume huku na mke kule, si kwa kuwa wamekataliwa, bali kwa kuwa karatasi moja imepungua au herufi mbili za jina hazikulingana. Mtoto huzaliwa na kuanza kutambaa, baba yake akimwona kwenye simu tu.

Makala haya hayakuandikiwa mume na mke peke yao. Yameandikiwa jamaa wote, kwa sababu kazi yenyewe ni ya jamaa wote: kuugeuza ushahidi ulio vichwani mwa wazee wetu uwe ushahidi wa karatasi, nao wazee wangali hai na wanakumbuka.

Ili maneno yasielee hewani, na tuchukue mfano. Bibi arusi wetu alizaliwa nyumbani, Lamu, mikononi mwa mkunga. Akasoma Mombasa, kisha akafanya kazi Dubai miaka mitatu na Muscat miaka miwili. Aliwahi kuolewa na kuachwa. Sasa ameolewa na kijana wetu aliye raia wa Marekani, naye yuko Mombasa akingoja. Mfano huu ni wa kutunga, lakini yaliyomo yatatambuliwa na familia zaidi ya moja.

SAFARI YA FAILI

Kwa ufupi njia ni hii. Mume hupeleka fomu I-130 kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, akionyesha kwamba yeye ni raia au mkaazi wa kudumu, na kwamba ndoa ipo na ni ya kweli. Ada iliyopangwa Aprili 2024 ilikuwa dola 675 kwa apelekaye karatasi na dola 625 kwa ajazaye kwa intaneti. Ombi likikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Visa kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Hapo kuna ada ya dola 325 ya ombi la visa na dola 120 ya hati ya udhamini, hujazwa fomu DS-260, na hati zote hupigwa picha na kupelekwa kwa intaneti. Kituo kikiridhika hupangwa siku ya mahojiano katika ubalozi wa Nairobi, na siku hiyo bibi arusi hutakiwa awe na hati zile zile za asili mkononi.

Mke wa raia hana foleni ya namba za visa. Mke wa mwenye kadi ya kijani anayo, naye husubiri zamu. Na kuna sharti moja ambalo husahauliwa sana: ukiarifiwa na Kituo kile kisha ukae mwaka mzima bila ya kuwasiliana nao, ombi lako laweza kufutwa. Basi kukaa kimya kwa kungojea cheti si subira. Ni kujitia hatarini. Andikeni, japo ni kusema kwamba hati fulani bado inatafutwa.

Kabla ya yote, angalieni pasi ya bibi arusi ni ya nchi gani. Mwezi wa Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwamo, na Desemba mwaka huo ikaongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwamo. Orodha hizi hubadilika, nazo hutazama uraia wa mtu, si mahali anapoishi. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Tanzania Bara wasome kwanza orodha ya wakati wao, kabla ya kutoa hata dola moja. Mfano wetu ni wa mwenye pasi ya Kenya.

Tena, kabla ya kumtuma mtu ofisi yoyote, someni maelezo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani juu ya nchi inayohusika. Wizara hiyo ina orodha ya nchi za dunia, ikieleza kwa kila moja ni cheti kipi kinachokubaliwa, kinatolewa na ofisi gani, na kipi hakipatikani. Wengi wetu humtuma mjomba ofisini kwanza, kisha ndipo tukasoma, na mjomba hurudi na karatasi nzuri yenye mihuri mitatu isiyokuwa na kazi.

CHETI CHA KUZALIWA

Bibi arusi wetu alizaliwa nyumbani. Kwa Kenya, uzazi wa nyumbani hupelekewa habari naibu wa chifu, na ile karatasi ndogo inayotolewa hapo, kama ile inayotolewa hospitalini, ni taarifa tu ya kuzaliwa. Si cheti. Mama wengi wameihifadhi miaka ishirini wakidhani ndiyo cheti chenyewe. Cheti hutolewa na msajili wa vizazi na vifo, na uzazi ambao haukuandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa umechelewa, ukawa na taratibu zake na ushahidi wake.

Cheti kinachotakiwa ni kile kinachotaja tarehe, mahali, na majina ya wazazi wote wawili, na kinachoonyesha kwamba kimetolewa katika daftari la serikali. Kama daftari halina habari zake, msiishie kusema "hakuna". Mwombeni msajili aandike barua kwamba ametafuta na hakupata. Barua hiyo ni hati. Juu yake huongezwa ushahidi mwingine wa zamani, kama vile kadi ya kliniki au vyeti vya shule, na viapo vya watu wanaokijua kizazi chenyewe.

Hapa ndipo wazee wanapoingia. Kiapo kizuri ni cha aliyekuwapo au aliye karibu sana: mama mzazi kwanza, kisha bibi, shangazi au mama mkubwa. Aseme jina lake kamili na umri wake, ana uhusiano gani na mtoto, mtoto alizaliwa lini, wapi, kwa wazazi gani, na yeye amejuaje. "Nilikuwapo nyumbani usiku ule, nikamshika mtoto" ni neno lenye uzito kuliko kurasa mbili za sifa njema. Atie sahihi au dole gumba mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Mkunga akiwa hai, mfuateni mapema. Bibi wa miaka themanini hangojei barua ya Portsmouth.

NDOA NA TALAKA

Cheti cha ndoa chetu aghalabu hakina taabu, maadam kimesajiliwa. Ndoa za Kiislamu za Kenya ziliandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1906 hadi ilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya 2014, na kwa hiyo mzee aliyeoa zamani na kijana aliyeoa juzi watakuwa na vyeti visivyofanana. Hilo halina neno. Lenye neno ni kuwa na karatasi ya msikiti peke yake, na kwa msajili hakuna kitu.

Yako mambo matatu ambayo watu wetu huyaonea haya, na afadhali yasemwe.

La kwanza ni ndoa ya wakala. Bwana arusi yuko Ohio, wakili wake ameketi Mombasa akakubali kwa niaba yake, na wengine husikilizana kwa simu. Ndoa hiyo kwetu ni ndoa. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hao hawakuwa pamoja wakati wa kufungwa kwake, mpaka wawe wamekutana na kukaa kama mke na mume baada ya siku hiyo. Kwa hivyo safari ya mume kwenda nyumbani baada ya akidi ni sehemu ya hati. Hifadhini tiketi, na nakala ya ukurasa wa pasi uliogongwa mhuri wa kuingia na wa kutoka.

La pili ni talaka. Karatasi iliyoandikwa na mume wa zamani kwa mkono wake, ikashuhudiwa na watu wawili, imemwacha mke mbele ya dini; karani wa visa atataka talaka iliyosajiliwa. Tena karani hutazama tarehe. Talaka ikiwa ilitamkwa mwaka 2019, ndoa mpya ikafungwa 2021, na usajili wa talaka ukafanywa 2023, yeye husoma kwamba mwanamke huyu aliolewa kabla ya kuachwa. Hati ya Mahakama ya Kadhi ioneshe wazi siku talaka ilipotamkwa, siyo siku ilipoandikishwa peke yake. Na jambo hili lafaa litazamwe kabla ya posa kujibiwa, si baada ya akidi. Mume naye si wa kusamehewa: aliyewahi kuoa hukohuko Marekani alete hukumu ya talaka ya kila ndoa aliyokuwa nayo. Aliyefiwa alete cheti cha kifo.

La tatu ni mke wa pili. Sheria ya Marekani haimpi visa mke wa pili ilhali wa kwanza yumo ndani ya ndoa, na anayekwenda huko kwa nia ya kuishi na wake wengi huzuiliwa. Msimpe binti wa watu ahadi ya safari ambayo haiwezekani. Wazazi wa binti waambiwe ukweli siku ya posa.

HATI ZA POLISI

Hapa ndipo faili nyingi zinapolala. Hesabu yake ni hii. Mwombaji wa miaka 16 na zaidi huleta hati ya polisi ya nchi ya uraia wake, akiwa ameishi huko zaidi ya miezi sita. Akiwa anaishi katika nchi nyingine, huleta ya nchi hiyo pia, akiwa amekaa zaidi ya miezi sita. Na kila nchi nyingine aliyowahi kukaa miezi 12 au zaidi akiwa amefika miaka 16, nayo huletewa hati. Mahali popote alipowahi kukamatwa na polisi, hati hutakiwa hata kama alikaa siku moja.

Bibi arusi wetu basi anahitaji hati tatu: ya Kenya, ya Imarati na ya Oman. Ya Kenya ni cheti cha mwenendo mwema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Ombi huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, na vidole huweza kuchukuliwa katika vituo vya Huduma. Hii ndiyo nyepesi, na ndiyo wengi huanza nayo. Sisi twasema anzeni na ya mbali.

Ya Oman hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman, na ya Imarati na polisi wa huko kupitia Wizara yao ya Mambo ya Ndani. Aliye bado ndani ya nchi hizo ana kitambulisho chake mkononi, na kazi huwa ya siku chache. Aliyekwisha kuondoka huulizwa namba ya kitambulisho cha zamani, nakala ya visa ya ukaazi, na aghalabu alama za vidole zilizochukuliwa na polisi wa huko aliko na kugongwa mhuri. Pasi ya zamani iliyotobolewa, ambayo mama mwenye nyumba aliitupa siku ya kusafisha kabati, ndiyo iliyokuwa na visa hizo. Msitupe pasi ya zamani.

Kwa hiyo binti yeyote wa kwetu, na kijana yeyote, aliye Dubai, Doha, Jeddah au Muscat leo, awe ana mchumba Marekani au hana, asiondoke nchi ile bila ya kuulizia hati yake ya polisi. Hati za polisi huisha nguvu baada ya miaka miwili, lakini ile ya nchi uliyohama haiishi, maadam hukurudi huko tangu ilipotolewa. Matembezi ya kurudi Dubai kununua nguo za arusi yaweza kukurudisha mwanzo.

MAJINA

Tabu kubwa kuliko zote ni jina. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na wengine huongeza ukoo. Fomu za Marekani hutaka jina la kwanza na jina la mwisho. Huyu huandika la babu, yule huandika la ukoo, na mke wetu hachukui jina la mumewe ilhali karani anatazamia alichukue. Kisha yako maandishi: Mohamed, Mohammed na Muhammad, Said, Saidi na Saeed, Fatma na Fatuma, Abubakar na Bakari. Aliyeitwa Hamisi kwenye cheti cha shule, visa ya Oman iliyotokana na herufi za Kiarabu imemwita Khamis. Sisi twasoma tukaona ni yule yule. Mashine husoma ikaona watu wawili.

Dawa yake ni moja. Chagueni pasi iwe ndiyo msingi, na herufi za pasi ziandikwe vivyo hivyo katika kila fomu, kila tafsiri na kila risiti, pasipo kupamba. Katika fomu, panapoulizwa majina mengine yaliyowahi kutumiwa, yaandikeni yote, hata yale ya utani yaliyoingia katika vyeti. Panapotofautiana kidogo, kiapo cha kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja hutosha mara nyingi. Panapotofautiana sana, hati yenyewe isahihishwe ofisini, au jina libadilishwe kisheria na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya.

Kuna jambo zito zaidi. Wako mabinti waliopelekwa Ghuba na mawakala wa kazi, wakaongezewa umri au wakapewa jina la mtu mwingine, wakiwa hawana la kusema. Leo, mwanamke mzima, anaona aibu kulitaja, na jamaa humshauri anyamaze. Ushauri huo ni mbaya. Alama za vidole hazibadiliki jina. Kusema uongo katika jambo la msingi la visa kwaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha, ilhali kosa lililoelezwa mapema na mwanasheria wa uhamiaji, pamoja na ushahidi wa namna lilivyotokea, laweza kuwa na njia. Asaidiwe kusema, asilaumiwe.

TAFSIRI NA SANDUKU

Idara ya Uhamiaji hutaka kila karatasi isiyo ya Kiingereza iwe na tafsiri kamili, mihuri na maandishi ya pembeni yakiwamo. Kiswahili chetu nacho ni lugha ya kigeni kwao. Mfasiri si lazima awe wa mahakama, lakini aandike na kutia sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Ni afadhali asiwe mume mwenyewe.

Hati za asili zisitumwe kwa mkono wa kila msafiri. Zikae mahali pamoja, kwa mtu mmoja anayeaminika, na picha zake safi ziwe na watu wawili wengine. Pamoja nazo iwekwe karatasi moja yenye anwani zote ambazo bibi arusi ameishi tangu alipokuwa na miaka 16, na tarehe zake, kwa kuwa DS-260 huziuliza zote. Watu huzikumbuka vizuri wakiwa wameketi na dada zao, siyo wakiwa peke yao mbele ya kompyuta saa sita za usiku.

NANI AFANYE NINI

Mume: fomu, ada, hati zake za talaka, na mapato ya udhamini, ambayo kwa kawaida yasipungue asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya Marekani kwa idadi ya watu wa nyumba yake. Yakipungua, ndugu mwingine aliye raia au mkaazi aweza kuwa mdhamini wa pamoja. Atakayejitolea ajue kwamba ni deni la kisheria, si sahihi ya heshima tu.

Mke: pasi zote, za sasa na za zamani, na orodha ya anwani.

Mama na shangazi: viapo vya kuzaliwa, na kumtafuta mkunga. Mjomba au ami aliye Mombasa: msajili, Mahakama ya Kadhi, na yule mume wa zamani, ambaye mara nyingi hukubali kusaidia akiendewa kwa adabu na mtu mzima. Jamaa walio Muscat na Dubai: kuulizia ofisini, kujua ni fomu gani inayotumika mwaka huu, na kuandika.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku bibi arusi anapoingia Marekani, ukaazi wake utakuwa wa masharti kwa miaka miwili, na wawili hao wataomba kuondolewa masharti ndani ya siku 90 za mwisho. Kwa hiyo sanduku la hati lisifunguliwe na kutawanywa siku ya kumpokea uwanja wa ndege.

Jamaa waliopata hati za nchi za Ghuba wakiwa wameshahama, tafadhali wawaandikie watengenezaji wa kitabu hiki: ofisi gani, fomu gani, siku ngapi, mwaka gani. Tutaziweka katika kitabu cha mwakani, ili mwingine asianzie pale pale mlipoanzia.